Usiitike, Daktari

Harufu ndiyo iliyotangulia: maziwa yaliyolala, ndani ya ofisi ambayo hata birika la chai halikuwamo. Daktari Hellen Jemutai alifungua dirisha, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe, kusema kweli, Eldoret ilikuwa haijaielewa. Alirudi kutoka Ulaya mwaka wa uhuru, akakodi chumba juu ya duka la vitambaa, akaweka viti viwili. Watu wakauliza, daktari gani huyu hana sindano wala dawa? Anakuketisha tu, anasema "Niko hapa," halafu ananyamaza mpaka uongee. Walimcheka weee. Lakini waliotoka kizuizini wakaja, wajane wakaja, na mzee mmoja ambaye hakuwa amelala vizuri tangu vita akashuka zile ngazi akipiga miayo. Kicheko kikaisha.

Nyaguthii alikuja msimu wa mvua, kutoka upande wa Burnt Forest. Sosaiti yao, chama cha kuchangia ardhi, ilikuwa imenunua shamba la mzungu, wakaletwa kwa lori, na baridi ya njiani ikamuua mtoto wake wa kike. Alimzika kando ya ua kabla shamba halijagawanywa. Kura za kugawana vipande zilipopigwa, kaburi likaangukia sehemu ya mtu mwingine, trekta ikapita juu yake.

"Sasa ananiita," alinong'ona. "Mchana kweupe. Mama, mama. Nikitoka, hakuna mtu."

"Na wewe unamjibu nini?"

Nyaguthii alimkodolea macho. "Daktari, wewe si umezaliwa huku? Usiyemwona akikuita, huitiki. Hata kwenu ni hivyo."

"Hiyo ni huzuni, Nyaguthii. Huzuni lazima iitikiwe."

Ndipo sauti ndogo ikaita pale mlangoni: "Mama."

Nyaguthii alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Jemutai, kwa mazoea ya kazi tu, maskini, akasema, "Niko hapa."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo Nyaguthii alilala usingizi, wala hakuitwa tena.

Watu wa pwani wangesema jini. Sisi wa huku tulisema tu kile kitu. Kilihamia kwa aliyekiitikia. Kilianza kuita ngazini, kisha nyuma ya kabati, kisha chini ya kiti cha mgonjwa huku mgonjwa mwenyewe amekikalia, na ile harufu ya maziwa ikawa nzito mpaka ikaingia kwenye nguo na nywele, na kila kilipoita Jemutai aliitika kabla hajajizuia, na kila alipoitika kilisogea, hadi alasiri moja ya mvua akahisi vidole vidogo, vya baridi, vimeshika pindo la sketi yake. Wagonjwa wakaacha kuja.

Ndugu yake Kimeli, mzee wa kanisa, akaja na Biblia. Aliomba mpaka shati likalowa jasho.

"Jemutai," akasema kwa sauti ya chini, "hiki kitu hakina nguvu ila ile unayokipa. Leo kikiita, nyamaza. Kikikosa jibu kitaenda zake, na watu wako watarudi."

"Nimesikia."

Kimeli hakujua, na hakuna aliyejua, kwamba huko Ulaya Jemutai alizaa mtoto wa kike aliyekufa kabla hajalia. Manesi walimviringisha mtoto kwenye shuka wakaondoka naye. Miaka yote hiyo alisikiliza ya watu. Yake hakuna aliyemuuliza, na hilo lilimuuma sana.

"Mama," kikaita chini ya meza.

Akanyamaza. Kimeli akamshika mkono.

"Mama." Sasa kilikuwa mlangoni. Kisha ngazini, kisha nje barabarani kwenye mvua, kikififia. Harufu ikaanza kupungua. Kimeli akashusha pumzi, akafunga Biblia.

Kule chini kikaanza kulia, polepole, kama mtoto aliyechoka kungoja.

Jemutai alijua kwamba si mtoto. Alijua vizuri sana. Akauchomoa mkono wake, akaenda, akafungua mlango.

"Panda, mwanangu," akasema. "Niko hapa."