Bei ya Mtu Peke Yake

Walikutana kwenye duka la jumla la karatasi na mapambo, mwisho wa mwezi, siku ambayo hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Watu wamejaa hadi mlangoni, kila mmoja ananyoosha mkono juu ya kichwa cha mwenzake, na feni ya dari inazungusha joto lile lile. Mbele kabisa alisimama mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani lililoingia madoa ya gundi mapajani, nywele kazifunga kwa utepe wa zawadi kwa sababu kibanio kilimkatikia asubuhi. Ananunua karatasi za rangi na waya mwembamba. Alikuwa amebembeleza punguzo mpaka muuzaji kachoka, na muuzaji aliyechoka akataja jumla akasahau kuhesabu waya. Mwanamke akaona. Akafungua pochi haraka haraka.

"Samahani," ikasema sauti nyuma yake. "Waya hujauhesabu."

Jamani, kuna watu. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, kalamu mbili mfukoni, na uso mpole wa mtu asiyejua kafanya nini. Muuzaji alimshukuru, akahesabu upya. Mwanamke akalipa, akageuka polepole.

"Wewe umeajiriwa na nani?"

"Sijaajiriwa. Nimeona tu."

"Siku nyingine ukiona, fumba macho."

Akatoka na hasira zake, na hasira zikamsahaulisha waya wenyewe juu ya meza. Alikuwa keshavuka barabara aliposikia mtu anamkimbilia nyuma huku anahema, shati limetoka kwenye suruali. Ni yule yule. Akampa waya, akasema kwa kuwa ameulipia ni haki yake. Mwanamke alitaka kununa akashindwa, akacheka hadi wapita njia wakageuka. Nami sitawaficha, mwanamume alipendwa pale pale, kabla hajajulikana hata jina.

Wiki hiyo hiyo wakakutana tena, mara hii kwenye kikao cha wazazi shuleni. Yeye mwanamke ndiye mwalimu wa kazi za mikono, ambaye wanafunzi wanamwita Mwalimu Gundi. Mwanamume ni mfamasia mwenye duka la dawa karibu na shule, anamlea mpwa wake wa kike tangu dada yake afariki, na kamati ya wazazi ilimpa uweka hazina kwa sababu hakuna aliyemwona akikosea hesabu. Mwalimu mkuu alisimama akasema maneno ya kuuma kwa sauti ya upole. Bajeti ya mwakani haina mshahara wa mwalimu wa kazi za mikono. Wazazi wakitaka abaki, wautafute wenyewe.

Mwalimu Gundi alikuwa anatazama kucha zake. Ndipo mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye duka la magodoro na sauti ya kulijaza, akatoa wazo: jioni ya sikukuu, mwisho wa muhula, watu walipe kiingilio, waje ukumbini wafundishwe kutengeneza taa za karatasi za kupamba nyumba. Mwalimu afundishe, mweka hazina apange bei. Wote wakapiga makofi. Mfamasia aliinamisha kichwa, maana alielewa alichopewa. Bei ikiwa ndogo, mwalimu anaondoka. Ikiwa kubwa mno, watu hawaji, na mwalimu anaondoka vile vile.

Simu kati ya Mfamasia na Mwalimu zikaanza kwa habari za gharama. Karatasi kiasi gani, waya kiasi gani, mkasi mmoja watu wangapi. Mfamasia alitaka wanunue gundi ya bei rahisi, Mwalimu akamwonya kuwa ile inachelewa kukauka, mtu anaweza kuzeeka ameishikilia. Akainunua hiyo hiyo, ili shilingi zibaki. Siku moja alimuuliza taa moja inachukua nini na nini, naye akamjibu huku anatafuna karanga kwamba inachukua karatasi, waya, na subira. Kisha akaongeza:

"Na mtu wa pili. Taa hii inataka mikono minne. Mmoja ashike duara, mwingine abandike. Peke yako huiwezi, nimejaribu miaka."

Alisema akaendelea na karanga zake. Yule wa upande wa pili wa simu hakuendelea na chochote. Alilala na maneno hayo.

Zikafika siku ambapo gharama zilikwisha kuulizwa zote na simu bado zinapigwa. Mwalimu akamtania kwamba anampigia kama dozi, kutwa mara tatu. Akajibu kuwa dozi haikatizwi katikati hata mgonjwa akijiona mzima.

"Na mgonjwa nani hapa?"

"Mimi, mpenzi."

Likamtoka hilo. Mwalimu akasema taratibu, "Rudia, mtandao unakatika," na mtandao ulikuwa safi kabisa. Akarudia. Tangu hapo Mwalimu akawa anakwenda shuleni amevaa hereni, na walimu wenzake wakawa wanakohoa akipita.

Usidhani alikuwa msichana wa kudanganywa na neno moja. Alikuwa na doa lake. Zamani alichumbiwa, mchumba akasafiri kutafuta maisha, akamwambia amsubiri mwaka mmoja. Alisubiri mitatu, kisha akasikia kwa watu kwamba mwenzake ana mke na mtoto. Tangu siku hiyo amepanga chumba peke yake, amekula peke yake, kwenye harusi za watu akiwekwa meza ya pembeni na watoto. Alikuwa amezoea. Mtu anazoea hata kiatu kinachobana, lakini usimkanyage.

Basi Mfamasia akamkanyaga. Tiketi zilipotoka kiwanda cha uchapaji, moja ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na Mwalimu akaisoma mbele ya wapishi na walinzi: *Mtu na mwenzake, elfu thelathini. Mtu peke yake, elfu ishirini.*

Alisoma mara mbili. Alimwendea dukani, akamkuta amevaa koti lake jeupe, wagonjwa wanangoja.

"Kwa hiyo mwenye mume analipa kumi na tano, na mimi ishirini."

"Wewe hulipi, wewe ndiye mwalimu."

"Walio kama mimi. Mpishi wetu mjane. Mlinzi. Yule mama wa mtoto wa darasa la tatu, aliyeachwa na mumewe. Kuwa peke yako ni kosa, mpaka watu wapigwe faini?"

Hapo ndipo angesema. Angemwambia, maneno haya ni yako, mikono minne ulisema wewe, nami nilikaa nikawaza watu wawili wawili kwenye kila meza, nikajiona mimi na wewe. Lakini wagonjwa walikuwa wanatazama, na yeye akibanwa hukimbilia kwenye hesabu. Akasema kwamba wawili hutumia mkasi mmoja, waya mmoja na gundi moja, kwa hiyo gharama kwa kila kichwa inashuka. Nilitamani kumziba mdomo.

"Asante," Mwalimu akasema. "Nimejua nina gharama."

Akatoka. Mfamasia alimkimbilia mwenyekiti wa kamati, akaomba bei ibadilishwe. Mama wa magodoro akamwambia kikao kimepitisha, tiketi zimechapwa, kiwanda kimelipwa, na zaidi ya hapo bei ni nzuri, maana wapweke ndio wengi mjini na ishirini zao ndizo zitakazojaza kopo. Ilikuwa kweli. Hesabu yake mwenyewe ndivyo ilivyosema: nusu ya watu wakija peke yao, mshahara wa mwaka unatimia na Mwalimu anabaki. Wasipokuja peke yao, hautimii. Akarudi dukani kajishika kiuno. Alipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Haikupokelewa. Siku ya tatu ikazimwa kabisa, na shuleni zikasikika habari kwamba dada yake Mwalimu, aliye mji mwingine mbali, amemtafutia nafasi kwenye shule ya kule.

Jioni ya sikukuu ukumbi ulipambwa ukapambika. Meza zimetandikwa karatasi nyeupe, juu yake karatasi nyekundu, njano na zambarau. Mwalimu Gundi alivaa gauni la bluu la mikono mirefu, midomo rangi kidogo, na uso ambao kama humjui ungesema amefurahi. Mlangoni, nyuma ya meza yenye kopo la pesa, alikaa Mfamasia na shati lake jeupe.

Foleni ilikuwa ndefu. Wengi walikuja peke yao, kama hesabu ilivyosema, na kwa muda mfupi moyo wake ulipanda. Kisha mpishi mjane akafika mbele, ameshika elfu ishirini, akasoma bei, akageuka nyuma yake.

"Mlinzi, uko na nani?"

"Niko na nani? Niko na rungu."

"Basi njoo tuwe mtu na mwenzake. Kumi na tano, kumi na tano."

Watu walicheka. Mlinzi akaja, wakaweka thelathini, wakasubiri. Mfamasia akawatazama. Tiketi ilisema mtu na mwenzake, haikusema mwenzake wa namna gani. Angeweza kusema ni mume na mke tu, na mama wa magodoro alikuwa anamkonyeza kutoka pembeni aseme hivyo. Akaangalia ndani ya ukumbi, akamwona Mwalimu amesimama kule mbele na mkasi mkononi, anamsikiliza. Akawapa tiketi.

Ikawa balaa. Foleni nzima ikaanza kuulizana. Babu wa mwanafunzi fulani akamshika mkono kijana wa duka la simu. Mama aliyeachwa akaungana na mwalimu wa hesabu asiyeongea na mtu. Watu waliokuwa wanatazama chini sasa wanachaguana kwa vicheko, na kila wawili waliopita kopo linakosa elfu kumi, na Mfamasia anajua elfu kumi hiyo ni ya nini. Anampoteza mwanamke wake mbele ya macho yake, wawili wawili, na anawakaribisha kwa heshima. Hakumkatalia mtu.

Ukumbi ulipojaa Mwalimu akapiga makofi, akainua karatasi nyekundu. Akawaeleza namna ya kukunja, namna ya kukata, namna ya kupinda waya uwe duara.

"Sasa hapa msihangaike peke yenu," akasema. "Taa hii inataka mikono minne. Mmoja ashike du..."

Akanyamaza. Watu walidhani kasahau somo. Alikuwa amejisikia mwenyewe, sauti ile ile, siku ile ya karanga. Akatazama meza zote, watu wawili wawili, na kisha akatazama mlangoni. Mfamasia alikuwa amemaliza kuhesabu. Huhitaji kuambiwa hesabu ilisemaje, uso wake ulikuwa wazi. Mwalimu alimalizia sentensi yake kwa sauti ndogo, akawaambia waanze.

Alipopita kati ya meza akimsaidia huyu na yule, alimwona Mfamasia akitoa elfu ishirini mfukoni mwake mwenyewe, akaiweka kwenye kopo, akachukua karatasi ya njano, akaenda kukaa meza ya nyuma kabisa. Alikuwa anapambana na duara. Akishika huku, kule kunafumuka. Mwalimu akamwendea, akasimama mbele yake.

"Umelipa?"

"Nimelipa."

"Ya nani?"

"Ya mtu peke yake."

Mwalimu akafungua pochi, akarudi mlangoni, akatumbukiza elfu kumi kwenye kopo, akaja akavuta kiti.

"Sasa ni thelathini," akasema. "Shika duara."

Akashika. Wakafanya kazi, magoti yanagusana chini ya meza na hakuna anayeondoa lake.

"Kwa nini hukuniambia ni mimi niliyesema?"

"Nilikuwa nataka. Likatoka la mkasi."

Mwalimu akacheka, kisha macho yakamjaa. "Haikutosha, sivyo?"

"Haikutosha."

"Ungewakatalia pale mlangoni."

"Ningewakataliaje? Ulikuwa unanisikiliza."

Akafuta macho kwa kiganja, kikamwachia njano ya karatasi shavuni. Akamwambia kwa dada yake keshakubali, anaanza muhula ujao, nauli imelipwa, na dada si mtu wa kurudishiwa neno. Mfamasia alijua. Mwalimu akaongeza kwamba huko nako watu wanaumwa, mafua, matumbo, kila kitu, na duka la dawa halikosi wateja. Hilo pia Mfamasia alikuwa amelifikiria, usiku na mchana. Lakini mpwa wake mwakani atakuwamo darasa la mtihani, na alimwahidi marehemu dada yake, akiwa kitandani hospitalini, kwamba mtoto hatahamishwa kabla hajamaliza.

"Mwaka mmoja," akasema, na alipolisema akaona limempiga wapi. "Mtihani ukiisha nakuja kukuoa. Najua wewe uliwahi kuambiwa usubiri. Sina neno jingine, mpenzi. Ningekuwa nalo ningekupa."

Mwalimu alijua hakuna neno ambalo lingebadilisha nauli wala mtihani, na alimwamini, na kumwamini kulimuuma kuliko kama angemshuku. Akapaka gundi ukingoni mwa karatasi, akaifunga taa, akachukua vidole vya mwenzake akaviweka juu ya mshono.

"Bonyeza hapa," akasema. "Na simu?"

"Kutwa mara tatu."

"Usikatize."

"Sikatizi."

Meza za mbele watu walishaanza kuinuka na taa zao, mpishi na mlinzi wanabishana ya kwao ikatundikwe kwa nani. Mwalimu naye akaweka vidole vyake juu ya vile vya Mfamasia, akabonyeza. Gundi ile ya bei rahisi ilichelewa kukauka, kama alivyoonya, na hakuna kati yao aliyeachia.