Mahali pa Ukoo Uliokwisha

Miguu imenivimba, nanyi mnataka nisimulie tena. Haya. Kwetu mtu akikuomba hukatai, na ndiyo balaa iliyomkuta Beretia, binti wa dada yangu. Atakayenikatiza atasimulia mwenyewe.

Beretia alitengeneza video fupi za kuyatangaza maonyesho ya majengo kule Tarawa, kisiwa chetu kikuu: jinsi maneaba, nyumba ya mikutano ya kijiji, inavyosimamishwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari. Alishatoa tisa. Waliozitazama hawajazi mtumbwi. Mkubwa wake akamwambia ya kumi isipovuta watu, kazi atapewa mwingine.

Alifika kijijini mchana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mzee Nakibae, fundi wa mapaa, alikuwa ameketi ndani ya maneaba, mahali pake, chini ya boriti ya ukoo wake; kila ukoo una pake. Palikuwa na giza.

"Babu, sogea pale kwenye mwanga."

"Pale pana wenyewe."

"Wenyewe si walikufa maji wote? Hata bibi yangu hakuwaona."

"Walikufa. Hawakuhama."

"Babu, nimechoka. Nakuomba."

Mzee akamtazama kama aliyepigwa kofi na mtoto. Ombi likishatamkwa, huna pa kukimbilia.

"Umeomba wewe," akanong'ona. "Nawe ukiombwa, utoe."

Akajikokota, akaketi. Akasimulia vizuri, kwa haraka, kama mtu anayesubiriwa. Alipoinuka, mkeka ulikuwa umelowa chapachapa. Miezi minne mvua ilikuwa haijanyesha.

Kesho yake Beretia aliitazama video ofisini. Mzee hakuwa peke yake. Mbele yake aliketi mtu, mgongo kwa kamera, nywele zikimtiririka maji.

Mimi ningeifuta. Yeye alihesabu siku zilizobaki, akapiga miayo, akaituma kwa watu.

Wakaitazama visiwa vyote. Wakaulizana mwenye mgongo ni nani. Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa hadi mlangoni, mkubwa anachekelea, Beretia ameegemea ukuta kama gunia. Wakaiwasha kwenye kioo kikubwa.

Mgongo ule ule.

Kisha bega.

Kisha sikio.

Uligeuka. Uso siwaambii. Niliuona, yatosha.

"Beretia." Ilikuwa sauti ndogo, yenye maji ndani yake. "Pangu pamekaliwa. Nimechoka. Nakuomba pako."

Ukumbi mzima ulimgeukia. Hakuna aliyesema kataa. Mama yake aliangalia vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Kaa kimya, wewe," nikamnong'oneza. "Usijibu."

"Nilimwomba babu vilevile, mama mdogo," akasema. Akainua kichwa. "Haya. Chukua."

Picha ikazimika. Watu wakapiga makofi, wale wa mbali, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Sasa mahali pake katika maneaba, kati ya mama yake na kaka yake, mkeka umelowa umbo la mtu aliyekaa. Tumebadilisha mikeka mitano. Jua liwake lisiwake, haukauki. Wenzake wa pande zote mbili wamesogea kidogo, bila kuambizana.

Beretia anakaa nje, chini ya ukingo wa paa, na mbwa. Mkutano ukianza, majina ya ukoo yanaitwa moja moja. Likifika lake, anafungua mdomo.

Sauti yake inaitika. Lakini inatokea ndani, penye mkeka ule.