Vidole vya Jumatatu

Foleni ilianzia mlangoni mwa Ukumbi Namba Mbili, ikapinda kwenye mabomba ya kunawia, ikaishia kwa mama wa chapati. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya muhula, mwezi wa tatu, na chuo kilikuwa kinazindua mashine ya mahudhurio. Mwanafunzi anaweka kidole, mashine inalia tii, jina linaingia. Habari ya karatasi kuzungushwa darasani na mtu mmoja kuwasainia wenzake sita waliolala hosteli ilikuwa imekwisha.

Kando ya mashine alisimama Ildefonce, mwaka wa tatu wa Tehama, shati jeupe limepigwa pasi kwelikweli. Wenzake walimwita Fonsi. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na kila asubuhi aliyatuma kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi: kwamba kadi za maktaba zifutwe, kwamba wali wa kantini uagizwe kwa simu, kwamba mhadhiri anayesoma slaidi neno kwa neno apumzishwe, slaidi zibaki. Wengi walianza kumsikiliza, wachache walimaliza. Mashine hii aliipigia debe mwaka mzima, na chuo kilipoinunua kikampa yeye kazi ya kuiangalia na kutoa ripoti.

Foleni ikamleta msichana wa sketi ya kitenge cha kijani na blauzi nyeusi, nywele amesuka twende kilioni. Akaweka kidole gumba. Mashine kimya. Akaweka tena. "Rudia," ikaandika.

"Dada, umetoka kula chapati?" Fonsi aliuliza.

"Sijala. Unaninunulia?"

Watu wakacheka. Fonsi akatoa leso mfukoni, akamshika kile kidole, akakifuta taratibu kuliko ilivyohitajika, kisha akakibonyeza mwenyewe kwenye kioo. Mashine ikalia.

"Umeona? Yenyewe haina tatizo. Tatizo mafuta ya chapati."

"Nimekwambia sijala."

"Basi jioni tukale."

"Kaka, nyuma yangu kuna watu mia mbili."

"Watasubiri."

"Si ulisema mashine imekuja kuondoa foleni?" alisema yule msichana, akaingia ukumbini bila kugeuka.

Jina lake lilibaki kwenye kioo kwa sekunde tatu: Balbina, mwaka wa pili, Ualimu wa Sayansi. Fonsi alilisoma mara mbili.

Namba ya simu hakuiiba kwenye mashine, ingawa angeweza. Aliiomba kwa Violeth, aliyekaa chumba kimoja na Balbina, na Violeth hakutoa mpaka alipoletewa soda mbili.

"Haloo, naongea na Balbina?"

"Inategemea nani anauliza."

"Mtu wa leso."

"Aa, fundi mashine! Leo nimenawa, usije na leso."

Huo ndio ukawa mwanzo. Jioni walikutana Kibaoni kwa mama mmoja aliyekaanga perege mpaka mapezi yakaliwa, baiskeli zikipita kengele juu ya kengele. Fonsi alieleza dunia itakavyokuwa. Balbina alimsikiliza huku akichambua miiba.

"Mtaani kwenu watu wataagiza perege kwa simu," Fonsi alisema.

"Na atakayeniambia huyu perege ni wa leo au wa juzi nani? Simu?"

"Kutakuwa na picha."

"Picha hainuki, mpenzi."

Alimwita mpenzi kwa mara ya kwanza namna hiyo, katikati ya ubishi, na Fonsi akasahau alichokuwa anabisha.

Kila Ijumaa mchana Balbina alikwenda kwao Kiberege kumsaidia mama yake, akarudi Jumatatu alfajiri. Wiki iliyokuwa katikati ilikuwa ya Fonsi, naye aliridhika nayo. Siku moja ya mwezi wa nne, pale pale kwa mama wa perege, Balbina alimwambia, "Mashine yako ina nongwa na mimi. Jumatatu hainitaki kabisa."

Fonsi akacheka. "Futa mkono, mama."

Balbina naye akacheka kidogo, habari ikaishia hapo.

Mwezi wa sita ulipofika, Fonsi alikaa chumbani kwake mchana mmoja, akabonyeza kitufe kimoja, na mashine ikatoa orodha ya wanafunzi ambao mahudhurio yao hayakufika robo tatu. Hao hawakuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho, wangerudia mwaka. Majina yalikuwa kumi na tisa. La kumi na moja lilikuwa la Balbina. Jumatatu zote isipokuwa ile ya kwanza hayupo, Jumanne karibu zote hayupo.

Emanuel, aliyelala kitanda cha juu, alichungulia. "Huyu si shemeji? Mimi Jumatatu alfajiri nikienda kukimbia huwa namwona anashushwa na jamaa wa pikipiki, koti la ngozi. Nilidhani unajua."

Fonsi hakujua. Alikaa na maneno yale kifuani kama mtu aliyemeza wali wa moto. Kabla ya saa kumi aliisaini ripoti, akaipeleka ofisi ya mitihani bila kumpigia Balbina simu. Kesho yake ikabandikwa ukutani.

Simu ililia mara moja tu, akapokea.

"Fonsi, jina langu lipo ukutani."

"Nimeona."

"Umeona? Si wewe uliyeandika?"

"Imeandika mashine."

"Mimi nilikuwepo. Kila siku nilikuwepo."

"Jumatatu hukuwepo, Balbina. Wiki kumi na moja. Jumatatu asubuhi unakuwa umetoka kwa nani?"

Kwa mbali alisikia Violeth akiuliza kuna nini.

"Rudia ulichosema."

"Mashine haina chuki na mtu. Haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo?"

Simu ikakatika. Fonsi alipopiga tena, Balbina hakupatikana, na picha yake kwenye WhatsApp ilikuwa imetoweka.

Siku mbili zilizofuata hakutuma maoni yoyote kwenye kundi. Siku ya tatu, Ijumaa, alimkuta Violeth kantini.

"Yuko kwao," Violeth alisema, hakumkaribisha kiti. "Amesema kama mtihani hafanyi, mpunga haumsubiri. Na kamati ya mitihani inakaa Jumatano kupitisha ile orodha. Wewe endelea kupiga pasi mashati."

Jumamosi asubuhi Fonsi aliteremka Kiberege akiwa na viatu vyeupe. Mtu wa kwanza aliyeulizwa njia alimwonyesha kwa kidevu, na baada ya kuvuka mfereji mmoja na madimbwi mawili ya tope akawaona: mama mmoja mnene amejifunga khanga kiunoni, na Balbina, suruali ameikunja mpaka magotini, wameinama katikati ya mpunga ulioiva.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mashine?" Mama Bernadetha, mama yake Balbina, alimtazama viatu, akatabasamu. Balbina hakuinua uso.

"Nimekuja kuongea na Balbina, mama."

"Huku hatuongei tukiwa tumesimama. Mundu ule pale."

Fonsi akavua viatu, akaingia. Kushika shuke, kukata, kulaza, kusogea. Saa nne mgongo ulikuwa unamuuma. Saa sita vidole viliwaka moto, maana majani ya mpunga yanakwaruza kama msasa na hayachagui mgeni. Ndipo pikipiki ilipofika ukingoni, akashuka mwanamume wa makamo mwenye koti la ngozi, amebeba ndoo ya uji.

"Huyu ni mdogo wangu, Beatus," Mama Bernadetha alisema. "Ndiye anamwahisha mwenzio chuo Jumatatu alfajiri. Bila yeye angefika saa nne."

"Shikamoo mjomba," Fonsi alisema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Walikaa ukingoni kunywa uji. Mama Bernadetha akakunjua viganja vyake mbele ya kijana.

"Angalia humu. Unaona mistari?"

Fonsi aliangalia. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa.

"Laini yangu ya simu imesajiliwa kwa jina la Beatus. Kidole changu kilikataa mara tisa. Kijana wa kusajili akaniambia nikanawe. Nikanawa, nikarudi, kikakataa. Imekwisha, baba. Unapalilia kwa mikono, unavuna, unafunga matita, mwisho inakwisha. Mtoto kama huyu akipumzika siku mbili tatu inarudi. Yangu mimi imegoma kurudi."

Fonsi akamgeukia Balbina. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia." Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtazama usoni. "Mwezi wa nne, pale kwa mama wa perege. Ukaniambia nifute mkono."

Fonsi alirudi kwenye mpunga, akavuna mpaka jua lilipopoa, na alipoaga, Balbina alimwitikia kwa kichwa tu.

Jumapili baada ya misa alifungua kompyuta. Kwenye mashine kulikuwa na ukurasa ambao hakuwahi kuufungua, kwa kuwa aliuhesabu kuwa takataka: vidole vilivyokataliwa. Hauna majina, una saa tu. Akashuka Jumatatu baada ya Jumatatu. Saa moja kasoro dakika nane, kidole hakitambuliki. Kasoro dakika nane, hakitambuliki. Kasoro dakika saba, hakitambuliki. Wiki ya pili vilevile, ya tatu vilevile, mpaka ya kumi na moja. Kila Jumatatu Balbina alisimama pale, akajaribu mara tatu huku watu wakimsukuma kwa nyuma, kisha akaingia darasani kusoma. Machozi yalimlenga Fonsi. Zaidi ya hapo, mashine ilikuja na njia ya pili, ya kuandika namba kidole kikigoma. Aliyeizima ni yeye mwenyewe, ili watu wasipeane namba.

Siku mbili alizunguka na ile orodha. Aliwatafuta wote kumi na tisa, akawashika vidole mmoja mmoja, akafungua madaftari yao ya maabara yenye sahihi za kila wiki. Kumi na mmoja walikuwa wamelala kweli. Wanane walikuwa watoto wa mashamba.

Jumatano alisimama mbele ya kamati. Dokta Teofili, mkuu wa mitihani, aliinua ripoti.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, Dokta. Na ripoti yenyewe si ya kweli."

Aliwaeleza yote, pamoja na ile njia ya pili aliyoizima, na hata kwamba aliambiwa mwezi wa nne akacheka. Kamati ilimweka nje nusu saa. Ilipomwita, wanane walikuwa wameruhusiwa. Yeye aliondolewa kwenye mashine, na barua ya kumsifu aliyoahidiwa isingeandikwa tena. Siku za mtihani angekaa mlangoni na daftari la karatasi, awasainishe wale ambao vidole vyao havisomeki.

Balbina alikuwa amekaa barazani, gauni la bluu, mikono mapajani.

"Nimesikia yote. Dirisha lilikuwa wazi."

"Nisamehe, Balbina."

"Unajua kilichoniuma? Si mtihani. Kuulizwa natoka kwa nani."

"Ulikuwa wivu."

"Mwenye wivu anauliza kwanza, mpenzi. Wewe ulianza kwa kusaini."

Fonsi akainamisha kichwa. Neno mpenzi lilikuwa limempita, akalirudia moyoni, akapata nguvu. "Nataka kutuma watu kwenu."

"Kwa sababu umekosea?"

"Kwa sababu nilivuna siku nzima na sikutaka kuondoka."

"Muongo! Saa nne ulikuwa unaitazama barabara, mama alikuona." Akacheka, na Fonsi akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha Balbina akasimama, akakung'uta gauni. "Ngoja kwanza nione huo mlango wa mtihani kama nitaupita. Nikiwa na hofu siwezi kujibu jambo la maisha yangu yote."

Asubuhi ya mtihani Fonsi alikuwa mezani saa kumi na mbili na nusu, daftari limechorwa kwa rula: jina, namba, sahihi, maoni. Safu ya mwisho ilikuwa ya msimamizi, mtu akichelewa au akiugua. Balbina alifika wa kwanza, sketi nyeusi, shati jeupe, kalamu mbili mkononi.

"Habari za asubuhi, kaka."

"Nzuri. Saini hapa, dada."

Akainama, akasaini. Hakuinuka. Aliendelea kuandika polepole, kiganja kikiziba maneno, kisha akalifunga daftari, akamtazama, akaingia. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemzuia. Wa pili alikuwa tayari anasubiri, hivyo Fonsi alilifungua daftari mbele ya watu, akasoma, akashindwa kumwambia huyo wa pili asaini wapi.

Saa sita Dokta Teofili alilipokea daftari ofisini, akavaa miwani.

"Balbina, namba sawa, sahihi sawa. Maoni: 'Mama amekubali. Barua iandikwe kwa mkono, isije kwa simu.'" Akainua macho. "Hii nini?"

"Ni yangu, Dokta. Naomba niifute."

"Huwezi kufuta nyaraka za mtihani." Akaligonga muhuri, akamrudishia. "Nenda katoe kopi moja ukampe mshenga wako, halafu daftari lirudi hapa."

Fonsi akaenda kutoa kopi. Alitoa mbili.