Peni Iliyozikwa Pamoja na Edna

Haya yalimkuta rafiki yangu Wilf Ormerod, mkusanya sarafu wa Burnley, jioni moja ya baridi kwenye mkutano wa chama chao cha wakusanya sarafu. Kiti cha upande wake wa kulia kilikuwa kitupu tangu mkewe Edna afariki. Hakuna aliyethubutu kukikalia.

Kila mwanachama huzungusha mezani sarafu aipendayo. Wilf alitoa peni, sarafu nzito ya shaba yenye uso wa Mfalme George. Zilikuwa mbili. Edna alipokata roho, Wilf alimwekea zote mbili machoni ili yafumbe, kama wazee wao walivyofanya, na moja ikazikwa naye.

"Ishikeni ukingoni!" akaonya, maana vidole huichafua sura ya sarafu.

"Tumesikia, bwana mkubwa," mwanachama mwenzake Doreen akamtania. "Hatuili."

Umeme ukakatika. Walicheka gizani, wakaendelea kupokezana, kila mmoja akimpa wa kushoto kwake. Wilf akasikia kile kiti kikilalama, kama kimekaliwa. Kisha peni ikawekwa kiganjani mwake, taratibu, na aliyeiweka aliishika ukingoni.

"Ahsante," akasema.

"Ya nini?" Doreen akauliza kutoka ng'ambo ya meza. "Peni yako bado ninayo mimi."

Taa zikawaka. Ile iliyokuwa kiganjani mwa Wilf ilikuwa na unyevu, na juu ya uso wa mfalme ulikuwa umenata ukope mmoja mweupe.