Siku Mashine ya Obedi Ilipopandishwa Lorini

Majirani zangu, sogeeni niwasimulie yaliyotokea Mtaa wa Zabibuni, nyuma ya soko la Majengo hapa Dodoma. Nasimulia kwa furaha, maana mwisho wake ulikuwa mzuri. Ila nawaomba msikimbilie kucheka, msije mkajikuta mnajicheka wenyewe.

Mtaa huo ulikuwa na mashine ya kukoboa na kusaga. Mwenye mashine aliitwa Obedi, Baba Gladness kwa majirani, Mgogo wa Mlali, mtu mrefu na mpole, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga wiki nzima, na Jumapili kanisani watu walishangaa kuona kumbe bado ni nyeusi. Asubuhi mashine ikianza kunguruma, watoto walijua wamechelewa shule. Akina mama walikuja na madebe yao ya mahindi kichwani, wakauliza, "Nani wa mwisho?" Aliyeonyeshwa kidole alisogea kwenye benchi, mgeni akakaa nyuma yake, na umbea ukaendelea pale ulipoachwa jana. Kando ya mlango Angelina alikaanga chipsi mayai, kwa sababu mtu anayesubiri husikia njaa. Upande wa pili Noeli aliziba pancha za baiskeli, maana wengi walileta mahindi yao kwa baiskeli, na gunia la mahindi halina huruma na tairi.

Sasa huyu Noeli alikuwa na mke, Sidonia, mwenyeji wa Kondoa. Huyo ndiye mwenye hadithi. Sidonia alikuwa mcheshi, msafi, mpenda vitu vizuri, na akisema jambo mtaa mzima ulilisikia hata kama hakuusemesha. Nyuma ya nyumba alifuga kuku wa mayai. Chakula cha kuku hao kilitoka kwa Obedi. Mahindi yakikobolewa pumba hubaki, na Sidonia alizinunua kwa bei ya ujirani, akachanganya na mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa. Kuku walikula, wakataga, mayai yakaenda kwa Angelina, na fedha ya mayai ikaenda chuo cha uuguzi alikosoma binti yao, Witness, aliyebakiza mwaka mmoja tu amalize.

Ukimwuliza Sidonia ni nani anayemsomesha binti yake, alijibu kwa majivuno, "Kuku wangu!" Jina la Obedi hakulitaja kamwe. Kusema kweli, ni nani kati yetu angemtaja?

Basi siku moja Sidonia alikwenda kumtembelea wifi yake, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na ofisi yake. Akaandaliwa ugali mweupe, laini. Akauliza unga unasagwa wapi. Wifi akacheka, akafungua kabati, akamwonyesha pakiti inayong'aa, yenye picha ya familia inayotabasamu mbele ya sinia.

"Wifi, siku hizi nani anabeba debe kichwani? Unaingia duka kubwa la barabarani, unachukua, unaondoka."

Sidonia alirudi na pakiti yake. Hakuificha ndani ya kikapu. Aliibeba mkononi, picha ikiangalia watu, akapita nayo polepole mbele ya benchi la mashineni. Jioni alimwita jirani aonje. Kesho yake jirani huyo naye akawa na pakiti. Na Sidonia, kwa vile ulimi wake haukuwa na breki, alianza kuwatania waliobaki kwenye foleni. "Jamani, bado mnajipaka unga kama wachawi? Mji umekuwa makao makuu, nyie bado mko na madebe!"

Watu walicheka, na waliochekwa walikuwa na aibu. Aibu ya kuonekana mshamba, ndugu zangu, ina nguvu kuliko njaa. Kabla kiangazi hakijakolea, benchi lilikuwa tupu na kuku wa mitaani ndio waliolikalia.

Obedi hakulalamika. Siku moja tu alimsimamisha Sidonia njiani.

"Mbukwa, Mama Witness," alimsalimu kwa Kigogo, kama kawaida yake. "Kuna mahali nimekukosea?"

"Hapana, Baba Gladness. Ni mambo ya kisasa tu, usijali."

Obedi akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Sidonia alijisikia vibaya kidogo. Lakini kidogo hicho hakikufika nyumbani.

Kwanza pumba zilipungua. Kisha zikaisha. Sidonia alinunua nyingine sokoni, akauziwa vumbi lililochanganywa na mabunzi yaliyosagwa, kuku wakaliparua na kuligeuzia mkia. Utagaji ukashuka. Trei za mayai zilizokuwa zikitoka kila siku zikawa za kubahatisha, Angelina akaanza kukaanga chipsi bila mayai, halafu akaanza kukaanga kidogo, kwa kuwa hata wa kuzila hawakuwapo. Noeli naye alikaa siku nzima na pampu yake, akiziba pancha za watoto ambao hulipa kwa asante.

"Mke wangu," alisema Noeli usiku mmoja wakila, akiinua tonge jeupe, "ugali huu ni mzuri sana. Tatizo ni kuwa ukishaliwa hauachi kitu cha kuku."

"Usinianze, Baba Witness."

"Sikuanzi. Nafikiri tuwabandikie ile picha ya pakiti bandani, labda na wao watatabasamu watage."

Sidonia alicheka kwa lazima. Kisha simu ikaita. Alikuwa Witness, anaulizia ada ya muhula. Alipokata simu hakuna aliyemalizia tonge lake.

Asubuhi Sidonia alikunja gunia tupu kwapani, akaenda kwa Obedi akiwa amefura. Alimkuta anafungua boliti za mashine na spana.

"Baba Gladness, mimi mteja wako wa miaka yote. Mbona unaninyima pumba?"

Obedi aliweka spana chini. Hakuonekana na hasira, alionekana kumshangaa kweli.

"Mama Witness, pumba zinatoka kwenye mahindi. Mahindi yenu yako wapi?"

Sidonia alitazama benchi tupu, akatazama jiko la Angelina lililopoa, akamtazama mumewe aliyelala juu ya matairi ya zamani, kofia usoni. Hapo ndipo alipouona mnyororo wote, na mkono uliokata pingili yake.

"Na hizo boliti?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jumamosi naipeleka Mlali, nyumbani. Wameshavuna, na kule bado wanasaga."

Alirudi nyumbani, gunia likiwa tupu vilevile. Alikaa bandani akilia mbele ya kuku, na ninyi mnaofuga mnajua kuku si watu wa kukubembeleza. Alipomaliza akanawa uso, akafunga kanga kiunoni na kuanza kupita nyumba kwa nyumba.

Hapa nataka kumsifu. Ni rahisi mtu kukiri kosa kimoyomoyo. Sidonia alilikiri mlangoni kwa kila aliyemtania. Fundi wa viti alimkumbusha maneno yake ya wachawi, akayapokea. Mama mfuga nguruwe alimwambia, "Wewe ndiye uliyenicheka mbele ya mkwe wangu." Akasema, "Ni mimi, nisamehe. Lakini nguruwe wako wanakula nini sasa?" Nguruwe wa yule mama walikuwa wakila maganda ya tikiti na matumaini. Kila nyumba aliwauliza hivyo hivyo: mashine ikiondoka, kwako kutaondoka nini? Kila nyumba ilikuwa na kitu.

Hata hivyo hakuna aliyemwahidi lolote. Wengine walisema pakiti ina urahisi wake, na hilo lilikuwa kweli. Wengine walisema unga wa Obedi ulikuwa na mchanga, na hilo nalo, tusifichane, lilikuwa kweli.

Jumamosi upepo wa Dodoma ulivuma na vumbi lake jekundu. Lori lilisimama mbele ya mashine. Vijana wa kubeba walikwisha kuipandisha na walikuwa wakiifunga kamba. Ndipo Sidonia alipotokea mwisho wa mtaa, na debe la mahindi kichwani, akitembea katikati ya barabara ili kila mtu amwone. Watu walitoka milangoni. Kicheko kikaanza. Mmoja akapiga kelele, "Mama Makao Makuu, leo umejipaka unga?"

"Bado!" alijibu. "Ndiyo naenda kupakwa!"

Alifika, akalitua debe mbele ya gurudumu la lori, akatandika kanga juu yake na kukaa.

"Mama Witness," alisema Obedi kutoka juu ya lori, "huoni mashine iko garini?"

"Naiona."

"Sasa hapo unafanya nini?"

"Nasubiri zamu yangu. Mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni."

Dereva alipiga honi. Sidonia akairekebisha kanga yake. Dereva alishuka kugombana naye, akarudi kiungwana alipogundua kuwa anabishana na mama wa umri wa mama yake. Muda ulipita. Sidonia alianza kuona haya peke yake pale, vumbi likimjaa machoni, na moyoni alikuwa akimwomba Mungu amletee walau mtu mmoja.

Angelina akatokea, amebeba ndoo ya mahindi.

"Shikamoo, Mama Witness. Nani wa mwisho?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Sidonia. "Ni mimi."

Angelina akakaa nyuma yake. Noeli akaja akisukuma baiskeli yenye nusu gunia, akauliza kwa adabu zote kama hamjui mkewe, "Samahani mama, nani wa mwisho?" Akaja mama wa nguruwe. Akaja fundi wa viti na stuli yake mwenyewe. Foleni ikazunguka lori, ikapita chini ya mizabibu iliyoupa mtaa jina na kukata kona, wala dereva hakuwa tena na pa kupita hata angetaka.

Obedi alishuka. Nyusi zake zilikuwa nyeusi siku hiyo, na macho yamelowa.

"Nikiishusha, Jumatatu mtarudi?"

Sidonia akasimama. "Tutarudi, lakini na wewe tukwambie. Unga wako ulikuwa na mchanga, Baba Gladness. Na wengine hawana nafasi ya kukaa foleni, ndiyo maana wanakimbilia pakiti."

Obedi alikuna kichwa. "Mchanga ni kweli. Chekecheke ilitoboka, nikawa naahirisha kununua nyingine. Lakini mbona hamkuniambia? Mliondoka tu."

Sidonia akalisogeza debe lake kando, kupisha mashine ishushwe.

Mashine ilishushwa. Chekecheke mpya ikanunuliwa. Obedi akaanza kuleta mahindi kutoka kwa ndugu zake wa Mlali, akayapepeta, akayasaga na kuyafunga katika mifuko ya kilo, dona na sembe, ikauzwa kwenye maduka ya mtaani hapohapo. Asiyetaka kusubiri akanunua mfuko, mwenye mahindi yake akaleta debe. Mifuko haikuwa na picha ya familia inayotabasamu. Ilikuwa na picha ya kuku wa Sidonia, ambaye kwa maelezo ya Noeli alionekana anataka kugombana.

Pumba zikarudi, mayai yakarudi. Witness alilipiwa ada, akamaliza chuo. Siku ya sherehe yake Sidonia alishika kipaza sauti kutoa shukrani. Watu wakasubiri awataje kuku. Akamwita Obedi asimame, akasema mbele ya wote, "Huyu ndiye aliyemsomesha binti yangu. Mimi nilikuwa sijui." Obedi aliinamisha kichwa, na Witness akaenda kumpigia magoti na kumpa shikamoo.

FUNZO

Ndugu zangu, dharau ya vitu vya mtaani kwetu ni ugonjwa, na huja umevaa nguo nzuri. Hakuna ubaya kununua kitu dukani, wala sisemi tukae gizani. Nasema kabla hujamwacha fundi, msusi, mama ntilie au mwenye mashine wa jirani, uliza fedha yako ikitoka kwake inakwenda wapi. Mara nyingi utaikuta inazunguka nyuma ya nyumba yako, inalisha kuku wako na kumlipia mtoto wako ada. Na akikosea, mwambie usoni, usimhame kimyakimya. Nawe mwenye biashara, usiwauzie majirani mchanga ukitegemea ujirani ukufichie.

Mashine ya Obedi inanguruma hadi leo. Ukipita Zabibuni asubuhi na una mahindi, usione haya. Uliza nani wa mwisho, ukae nyuma yake.