Mlio wa Siku ya Nne

Siku bomba lilipofunguliwa uani kwa Evelina walikuwepo watu watano: Evelina mwenyewe, mumewe Marcel, mchimbaji wa dhahabu, aliyevaa shati la kanisani ingawa ilikuwa Jumanne, mtoto wao Agapiti wa miezi minane, mgongoni kwa mama yake, jirani yao Bi Kijakazi, muuza vitumbua, aliyekuja na ndoo mpya, na Bujiku, fundi wa mradi wa maji. Hao ndio waliosikia mara ya kwanza.

Bujiku alizungusha koki. Alikuwa ameshawaambia wasishtuke, kwamba bomba jipya hutoa upepo kabla ya maji. Lakini upepo huo ulitoka kama pumzi ya mtu aliyeibana muda mrefu akaiachia polepole, na ulikuwa na harufu ya udongo mbichi, jasho na moshi wa baruti. Halafu kukagongwa ndani ya bomba. Ko, ko, ko. Chuma juu ya jiwe, mara tatu.

Kisha maji yakaja, meupe, mengi. Bi Kijakazi akapiga vigelegele na kumtania Bujiku kwamba bomba lake lina adabu, linabisha hodi kwanza. Walicheka. Evelina naye alicheka, mpaka alipomtazama mumewe. Marcel alikuwa ameegemea ukuta, na mdomo wake ulikuwa umekauka.

Igundu ni mji mdogo kwenye njia ya kwenda Segese. Kabla ya mradi, maji yalikuwa ya kununua kwa dumu, au ya kufuata bwawani pamoja na ng'ombe. Kisima kirefu kilichimbwa pembeni mwa machimbo ya zamani, kwa sababu vipimo vilionyesha kwamba maji yako hapo. Hakuna aliyeuliza maji hayo yanapita wapi kabla ya kufika. Machimbo yalikuwa yamefungwa tangu Februari, duara, yaani shimo la dhahabu, alilokuwa akichimba Marcel lilipotitia na kumfukia mwenzake aitwaye Ngassa. Hawakumtoa. Walisema matimba ya kuzuia kuta yalikuwa yamevunjika yote, na kumfuata kungeua wengine.

Evelina alimkumbuka Ngassa kuliko alivyothubutu kusema. Uchungu wa Agapiti ulipomshika, Marcel akiwa chini ya ardhi, ni Ngassa aliyempakia kwenye pikipiki yake kumpeleka kituo cha afya. Aliendesha taratibu, na kila walipovuka shimo aligeuza shingo kidogo akamwita mama kwa Kisukuma, akauliza, "Mayu, bado tupo?" Naye alijibu, "Tupo." Walifika hivyo. Ngassa alikaa nje mpaka mtoto akalia, akaacha chupa ya chai mlangoni, akarudi kazini bila kusubiri shukrani.

Wiki ya kwanza ya maji ilikuwa furaha. Wiki ya pili, maji yaliyolala kwenye ndoo yalianza kufanya utando wa kijivu juu yake. Evelina akayachemsha, na yalipochemka ile harufu ya udongo na jasho ikajaa nyumba nzima, ikashika mapazia na nguo za mtoto. Bujiku alikuja, akanusa, akasema ni kutu ya mabomba mapya. Akachukua maji kwenye chupa ili yapelekwe kupimwa, akaacha vidonge vya dawa ya maji. Kwa vidonge vile maji yalinuka dawa, na chini ya dawa yalinuka mtu.

Ndipo Agapiti akaanza kuharisha. Siku ya tatu aliacha ziwa. Siku ya nne aliacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha Evelina zaidi, maana mtoto yule alikuwa wa kelele. Sasa alilala macho wazi, ngozi baridi kama chungu cha maji, na koki ilipofunguliwa uani aligeuza kichwa. Siku ya tano mama yake alimkuta amejiburuta mpaka chini ya bomba, mdomo wazi, akisubiri.

Nesi wa zahanati alimwona Evelina mlangoni akamtoa kwenye foleni kwa mkono, akampa pakiti za chumvi ya kutibu kuharisha na kanga yake mwenyewe ya kumfunikia mtoto. Alisema achanganye kila pakiti na lita moja ya maji safi. Evelina alitembea kurudi nyumbani akirudia maneno hayo, maji safi, maji safi, na alipofika alisimama mbele ya bomba asijue aende wapi. Alinunua maji ya chupa dukani. Agapiti aliyatema yote. Katekista alileta maji ya baraka, akaeleza kwa upole kwamba parokiani nao, Mungu awasaidie, wameunganishiwa bomba lilelile. Kila dawa ilihitaji maji.

Bi Kijakazi alikuja alasiri na sahani nyeupe na zafarani. Watu wake walitoka Ujiji zamani, na alijua kuandika kombe. Aliandika aya kwa kijiti, taratibu, kisha akamimina maji kidogo ili maandishi yayeyuke mgonjwa anywe. Hayakuyeyuka. Yaliachana na sahani yakiwa mazima, yakashuka kama mchanga, yakalala chini ya maji. Bi Kijakazi alifungua msahafu. Kisha alianza kusoma kwa sauti, ameelekea bombani, na aliposoma bomba lilinyamaza, hata lile tone lililokuwa likidondoka likaning'inia.

Alifunga msahafu, akamvuta Evelina mpaka jikoni.

"Mama Agapiti, mimi majini nimeyasomea," alinong'ona. "Jini ukilisomea linapiga kelele, linakimbia. Huyu anasikiliza. Nikisoma anakuja karibu."

"Anataka nini?"

"Sijui. Muulize mumeo. Siku ile ya kufungua bomba nilimwona uso."

Kesho yake, saa sita mchana, jua likiwa kali na uani hakuna kivuli, Evelina alikuwa akianua nguo. Igundu maji hutoka kwa mgao, asubuhi na jioni tu. Saa hiyo mabomba ya mji mzima yalikuwa makavu. Koki alikuwa ameifunga mwenyewe na kuizungushia kamba. Ko, ko, ko. Alisimama na shuka mikononi. Ko, ko, ko, kutoka chini sana, chini ya bomba, chini ya uwanja, kama vile mlio unapanda ngazi kuja kwake, na harufu ya baruti ikampita puani, na ndipo aliposikia mlio mwingine, mdogo, mkavu, nyuma yake ndani ya nyumba, akageuka, akaona kupitia mlango ulio wazi kwamba Agapiti, ambaye tangu jana hakuwa na nguvu hata ya kuinua shingo, ameketi wima juu ya mkeka, ameshika kijiko cha uji, na anagonga nacho sakafu ya saruji, mara tatu, anangoja, mara tatu tena, macho yake yakiwa kwenye bomba na si kwa mama yake.

Alimnyakua akatoka naye hadi barabarani bila viatu. Huko ndiko Marcel alikomkuta aliporudi, amekaa kwenye kibaraza cha Bi Kijakazi, amemkumbatia mtoto ndani ya kanga ya nesi.

Evelina hakupiga kelele. Alimwambia mumewe kwamba mtoto anakufa, na kwamba yeye Marcel anajua kinachogonga, na asipokisema leo, asimwite tena mama wa mtoto wake.

Marcel aliketi chini, vumbini. Alichosema alikisema akitazama mikono yake. Chini ya ardhi, alisema, mtu akifukiwa hana sauti, ana nyundo na moko, ile patasi ya kupasulia mwamba. Anagonga mara tatu: nipo hai. Wa juu wakisikia wanajibu mara tatu, wananyamaza, halafu mara moja: tumekusikia, tunakuja. Na ukishajibu lazima uende. Lakini wachimbaji wa Igundu wana mwiko wao, waliourithi kwa waliowatangulia. Mtu anaweza kukaa hai chini siku tatu tu. Mlio wa siku ya nne si wa mtu, ni wa jini la duara linalotafuta wa kumvuta. Mlio wa siku ya nne haujibiwi.

"Siku tatu hatukusikia kitu," Marcel alisema. "Siku ya nne akagonga."

Evelina alivuta kanga juu ya mtoto.

"Nilimjua, mke wangu. Kila mtu ana mkono wake wa kugonga. Nilimjua. Wenzangu wakasema ni jini, tukakubaliana ni jini, tukakusanya zana tukaondoka. Aligonga mpaka tunapanda gari."

Bi Kijakazi alijifunika uso kwa mtandio. Evelina alilia, si kwa hasira. Aliwaza chupa ile ya chai mlangoni. Aliwaza mtu yule akiwa gizani, ana kiu, anapiga jiwe. Kisha akainuka, akaingia stoo, akatoka na moko na nyundo ya mumewe, akamwekea mapajani.

"Nenda ukamjibu."

Marcel alisema kujibu ni ahadi. Evelina akasema ndiyo.

Walikwenda uani wote, jua likianza kuteremka. Marcel alipiga magoti. Moko uliteleza mara ya kwanza. Akagonga bomba mara tatu. Akanyamaza. Akagonga mara moja.

Hakukuwa na kitu. Evelina aliinama karibu na koki, akasema kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akisema nyuma ya pikipiki, "Tupo, Ngassa."

Koki ilikuwa imefungwa kwa kamba na mgao haujafika. Maji yakatoka. Kiasi cha kikombe kimoja, baridi, yasiyo na harufu hata kidogo, kisha yakakatika. Na Agapiti, mikononi mwa Bi Kijakazi, akalia kwa sauti yake ya zamani, akageukia kifua cha mama yake.

Alfajiri iliyofuata Marcel aliwapigia simu wenzake mmoja mmoja. Watatu walikata. Wanane walikuja. Bujiku alifunga kisima chote kabla majibu ya vipimo hayajarudi, akisema atajieleza mwenyewe kwa wakubwa wake, kisha akaenda kuwasaidia kubeba matimba mapya. Wanawake wa mtaa walipeleka uji na maji ya kununua. Walichimba siku nne.

Walimkuta Ngassa kwenye upenyo wa pembeni, ameketi, magoti juu, moko mkononi. Maji yalikuwa yakimpita vifundoni yakielekea kilipo kisima. Bujiku aliyaona hayo, na tangu siku hiyo hanywi maji ambayo hajui yametoka wapi.

Walimpeleka kwao Kishapu, akazikwa uani kwa mama yake. Marcel alipiga magoti mbele ya yule bibi akamweleza yote, hata ule mkono aliokuwa ameutambua. Bibi akainuka, akaenda mtungini, akarudi na maji kwenye kibuyu, akampa. Marcel alikunywa huku analia, na watu waliokuwepo waliangalia pembeni.

Baada ya hapo mambo yalitulia. Kisima kipya kilichimbwa upande wa pili wa mji, mabomba yakasafishwa kwa dawa, na bibi afya alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya majibu akiwaonyesha hata wasiojua kusoma. Maji yalikuwa safi. Agapiti alinenepa. Nesi alirudishiwa kanga yake, imefuliwa, na kuku juu yake.

Jambo moja tu Marcel alikuwa hajalisema, na alikuja kulisema mwenyewe, wakila, kama mtu anayetua mzigo. Ni yeye aliyemfikia Ngassa wa kwanza, peke yake. Mbele ya Ngassa kulikuwa na ukuta wa mwamba, na juu yake alama za moko wake, tatu tatu, nyingi. Lakini katikati ya ukuta kulikuwa na tundu, ukubwa wa ngumi, na kingo zake zilikuwa zimevunjika kuelekea upande wa Ngassa. Lilikuwa limetobolewa kutoka upande wa pili.

"Upande wa pili kuna duara la nani?" Evelina aliuliza.

"Hakuna duara. Hakuna aliyewahi kuchimba huko."

Alikuwa ameliziba kwa mawe kabla wenzake hawajafika, na hakumwambia mtu. Evelina aliweka tonge chini. Alielewa kwamba siku ile ya nne, watu walipokataa kumjibu Ngassa, hakuachwa bila jibu.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya sita baada ya mazishi, saa sita mchana. Evelina alikuwa akipepeta mchele uani, Agapiti kwenye mkeka karibu yake na kijiko chake. Bomba lilikuwa kavu. Mtoto aligonga kijiko kwenye sinia, kama watoto wafanyavyo, mara tatu, akacheka, na mama yake akanyoosha mkono kumnyang'anya, lakini kabla hajakifikia ukasikika mlio kutoka chini, na haukuwa mkono wa Ngassa, ulikuwa mzito, wa polepole, wa kitu kisicho na haraka. Mara tatu. Kikanyamaza. Kisha mara moja: tumekusikia, tunakuja.

Hawakulala Igundu tena. Huu ni mwaka wa pili wanaishi Kishapu, uani kwa mama yake Ngassa, na maji wanachota lamboni kwa ndoo.