Kibali cha Jumamosi

Jumatatu, saa moja asubuhi, wakulima wa Mitunguu walikuta migomba michanga imenyauka na mabomba makavu. Programu ya kugawa zamu za maji, iliyozinduliwa Jumamosi mchana kwa vigelegele, ilikuwa imefunga valvu zote.

Kufikia saa nne, katika ofisi ya kampuni iliyoitengeneza, pale Kinoru, mkosaji alikwisha kupatikana: Kathure, mkaguzi wa programu. Barua ya kumfuta kazi ilingoja sahihi ya mwenyekiti wa bodi, Mama Igoki, aliyefika kutoka Embu. Mama huyo alikagua shule miaka thelathini, na hakuna alichokichukia kama jibu lililopatikana upesi.

"Kibali cha kuzindua kilitoka kwa akaunti yake," alisema Mwenda, mkurugenzi mwenye miezi miwili kazini. "Jumamosi, saa nne asubuhi."

"Si mimi, Mama," Kathure alisema. "Ijumaa jioni niliandika kwenye ripoti valvu zinakwama, tungoje wiki moja. Nikafunga kompyuta kabla ya jua kutua, nikaenda. Nikifutwa kwa hii, hakuna mahali nitaandikwa tena."

"Nani mwingine ana nywila yake?" aliuliza Igoki.

"Mimi," alikiri Ngari, fundi. "Lakini Jumamosi asubuhi nilikuwa Mitunguu nikifunga spika za sherehe. Daftari ya nywila niliiacha hapa ofisi."

Macho yote yakamwangukia Ngari. Mwenda akaingilia kati haraka.

"Mama, tusipoteze wakati. Kathure alinipigia simu hiyo saa nne. Akasema, 'Bosi, iko sawa, zindua.'"

"Yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa."

Igoki akavua miwani. "Kathure, unasali wapi?"

"Wasabato wa Kiirua. Nafundisha kwaya. Saa nne tulikuwa tunaimba, kanisa limejaa."

"Na simu?"

"Nazima Ijumaa jua likitua, mpaka Jumamosi jioni."

"Hiyo ni ukweli," Ngari akadakia. "Sisi wote hapa hatumpigiangi Jumamosi."

"Wote, ila mgeni wa miezi miwili," alisema Igoki. "Bwana Mwenda, ni nani huyo aliyekupigia?"

"Wageni walikuwa wameshaalikwa," alikiri Mwenda. "Ningeahirisha, ningeonekana nimeshindwa."

"Kwa hivyo ukafungua daftari ya Ngari, ukaidhinisha kwa jina la binti wa watu."

Igoki aliirarua barua, akamwamuru Mwenda aache funguo mezani. Furaha ilimjaa Mama huyo, wala hakuificha.

Saa nane walikuwa Mitunguu. Igoki aliwaeleza wakulima kila kitu, akaomba radhi na kuahidi miche mipya. Kathure na Ngari wakafungua valvu kwa mikono. Maji yalipofika mitaroni, vigelegele vilipigwa upya, safari hii kwa Kathure.

"Na hiyo programu itarudi lini?" aliuliza mzee Marete, magoti yamelowa.

Kathure alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nikishaijaribu, mzee. Na haitakuwa Jumamosi."